Senene wa Mtoto wa Bumbire

Enzi zetu pale Kamachumu, mtoto akinuna hakuulizwa ana tatizo gani. Alipewa kisu na mkungu wa ndizi. Mimi nilinuna mwaka mzima, kwa hiyo nilimenya ndizi kuliko binti yeyote wa kijiji kile, na shuleni wavulana wenzangu walinicheka kwa vidole vyeusi vya utomvu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa amefariki, baba akanitoa kwetu Hamugembe, mjini, akanipeleka kwa dada yake, Shangazi Koku, kisha akarudi mjini kwenye kazi zake. Shangazi aliongea kutwa nzima: na mbuzi, na sufuria, hata na mvua. Mimi nilimjibu kwa kichwa. Haikuwa jeuri, jamani. Maneno yalifika kooni yakagoma. Nilichoweza ni kuandika. Nyuma ya daftari la hesabu nilitunga hadithi ya mvulana wa kisiwa cha Bumbire ambaye hakuna aliyemsemesha, akawa anashinda peke yake ufukweni akitazama mitumbwi ya watu.

Siku moja tukimenya, Shangazi, ambaye hakujua kusoma, akaniambia, "Muta, bojo, mwanangu, kila siku unaandika tu. Hebu nisomee."

Kusoma niliweza, maana hayo yalikuwa mambo ya mtu mwingine. Nikasoma mpaka mwisho. Kisu chake kilikuwa kimetulia.

"Na mama yake yuko wapi?"

Nikainama, nikaendelea kumenya.

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta uani na jirani yetu mchuuzi wa dagaa, aliyekuwa anavuka kwenda Bumbire. Shangazi alikuwa ameshusha kikopo cha senene, panzi wetu watamu wa kukaanga, wa mwisho wa msimu ule, aliowaficha juu ya kabati kwa ajili ya wageni wa heshima. Hata baba alipokuja hakuonjeshwa! Sasa kilikuwa kimefungwa kwenye jani la mgomba, pamoja na kahawa ya kutafuna.

"Umtafute huyo mtoto," alikuwa anamwagiza. "Hana mtu. Uulize kila mwalo wanakoshushia samaki mpaka umpate."

Maawe! Jirani alikuwa amekwishajitwika mzigo. Nikamwona mtu mzima anakwenda kuhangaika juani akimtafuta mtu ambaye hayupo.

"Shangazi," nikasema, sauti ikikwaruza, "huyo mtoto ni mimi. Na mama yake amekufa."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akakichukua kile kifurushi kwa jirani, akakiweka mikononi mwangu.

"Basi kimefika," akasema. "Fungua, ule."

Nililia huku natafuna. Tukala wote watatu, na tangu siku ile nikaanza kusema, mpaka mbuzi wakapumzika.

Siku hizi vijana wetu wana simu zenye kila kitu. Mwanangu anajifungia chumbani, anaweka stetasi za huzuni, na sisi wazazi tunabonyeza kidole gumba, basi, tumemaliza kulea. Enzi zile ukiandika huzuni yako, kuna mtu alimtafuta mwingine wa kuvuka ziwa akufuate.

Shangazi Koku amelala kando ya migomba yake, na kila nikifungua mdomo namshukuru. Msimu huu nilificha kikopo kimoja juu ya kabati. Wageni wa heshima wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka. Jana nikakishusha, nikaenda kugonga mlango wa mwanangu.