Udi wa Mejumaa, Leseni ya Taib

Kila asubuhi nipitapo Ndia Kuu, Taib huniamkia kutoka mlangoni mwa duka lake la udi. Simwitikii. Watu wananiona nina kiburi. Nnacho, na sababu ninayo.

Duka lile ni la dadake, Mejumaa, jirani yangu aniitaye mama. Mwaka wa tisini na moja alipoachwa na mumewe alibaki na watoto watatu na sufuria ya shaba ya marehemu mamake. Akaipikia udi wa sukari, wa kufukizia nguo. Sukari aliijua kwa rangi. Ikifika pale pale, huepua, akatia vipande vya udi, ambari na marashi. Nguo iliyofukizwa Ijumaa, Jumatatu ingali yanukia. Alianza kwa vikopo mlangoni kwake. Miaka mitatu baadaye maarusi wa Kizingo, mtaa wa matajiri, walikuwa wakituma madereva, na mzee Ghulam, mwenye jengo, akamkubalia chumba cha duka Ndia Kuu.

Ikabaki leseni. Hapo ndipo nilipoingia mimi na ujinga wangu.

"Mwanamke wa heshima hapangi foleni na wanaume," nilimwambia. "Mtume nduguyo."

Taib, ndugu yake toka nitoke, kazi yake siku hizo ilikuwa kukaa barazani na kutia ila kahawa ya watu. Akaenda. Leseni na mkataba wa chumba vikarudi kwa jina lake.

"Dada, ni karatasi tu. Jina langu na lako si moja?"

"Kama ni moja, mbona hukuandika langu?"

Akacheka. Mwezi wa nne tangu duka kufunguliwa, akamwondoa mbele kwa wateja, akamweka jikoni nyuma. "Wewe pika, mimi niuze." Kisha akatundika kibao: TAIB, UDI WA ASLI. Asli! Mtu asiyejua kuchemsha chai!

Mejumaa alinijia, hakulia. "Mama, ni wewe uliyeniambia nimtume. Vaa buibui twende."

Tulikwenda ofisi ya leseni. Karani hakuinua hata macho. "Mwenye leseni ni Taib. Mleteni yeye." Mzee Ghulam naye: "Bibi, mimi nimeandikiana na Taib."

Basi Mejumaa akaingia dukani mchana, wateja wamejaa, akaibeba sufuria.

"Wataka kunifedhehi mbele za watu?" Taib akamaka.

"Sufuria ni ya mama. Haimo kwenye leseni yako."

Siku ya pili akarudi ofisini kuomba leseni yake mwenyewe. Nilisimama naye foleni, wanaume mbele, wanaume nyuma. Saa moja! Saa moja tu, na heshima yangu nikarudi nayo nyumbani nzima. Hiyo ndiyo saa niliyomkataza, ikamgharimu duka.

Sasa anauzia kichumba cha uchochoroni, nyuma ya msikiti. Taib alijaribu kupika mwenyewe. Sukari ikaungua, nguo za bibi harusi zikanuka jiko. Siku hizi anauza udi wa kununua, lakini barabara kuu bado ni yake.

Aniamkie mpaka koo limkauke. Mimi hupita, nikakunja kona, na kwa Mejumaa siketi kabla sijalisoma jina lake kwenye leseni iliyo ukutani.