Kamba ya Fahali

Waliokuwepo siku tuliyomzika mama kule Ajia ni hawa: baba mdogo, wajomba zangu watatu, mchungaji, jirani yetu na fahali wake, mdogo wangu wa kiume, mdogo wangu wa kike akiwa amebebwa mgongoni na shangazi, na mimi niliyeshika kamba.

Ndivyo nilivyomtajia mama mshauri, katika chumba chake pale Arua. Alikuwa ameniomba nitaje wote. Hospitali ilinipeleka kwake kwa sababu ya mkono. Nafyatua matofali Koboko, na kila alfajiri naamka mkono wa kulia umejikunja ngumi, haufunguki mpaka niuloweke katika maji ya moto. Walipiga picha, mifupa mizima. Yeye hakutoa dawa. Aliuliza ninaota nini.

Mdogo wangu wa kike alicheka. "Kaka, unaenda mpaka Arua kusimulia ndoto? Mimi nasikia kelele yako kila usiku, hata chai hujaninunulia."

Lakini ni yeye aliyenisukuma niende. Mahari yake ilikuwa inakuja, na atakayewapokea ng'ombe ndiye mwenye kauli juu yao. Mkono wangu ukishindwa, angepokea baba mdogo, na mdogo wetu wa kiume asingeona hata kwato siku yake ya kuoa.

"Umetaja hata fahali," mama mshauri alisema. "Na mama yako? Alikuwa wapi?"

Nilitazama zulia lake.

Baba alikufa kabla ya kumaliza mahari ya mama. Kwetu, ndugu za mwanamke wanaweza kuzuia maziko mpaka wapewe mnyama wao, na wajomba walikuja wakayakalia majembe. Jua lilipanda, nzi wakaongezeka. Mwishowe jirani akatukopesha fahali wake. Baba mdogo akanikabidhi kamba: "Wewe ndiye mkubwa. Simama hapo wamwone. Ukimwachia, mama yako halali ardhini leo."

Nilisimama. Jeneza lilipita nyuma yangu. Nilisikia udongo ukianguka juu ya mbao, watu wakienda mmoja mmoja kutupa konzi zao, lakini sikugeuka, kwa kuwa fahali alikuwa anavuta. Baadaye wajomba waliondoka naye, na deni la jirani likabaki kwetu. Shule niliiacha muhula uleule.

"Pale na kamba," mama mshauri aliuliza, "ulitaka nini?"

"Nilitaka afunikwe."

Ana namna ya kunyamaza inayochosha kuliko kubeba matofali. Nilirudi kwake mara nyingi na jibu lilelile, mpaka siku moja mdomo ukasema mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha sokoni: "Nilitaka kuachia. Fahali iende. Wachukue maiti yao, waoze nayo. Mama alituacha na deni, mimi iko mtoto."

Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Angalia mkono wako."

Ulikuwa umefumba. Tuliutazama wote wawili. Haukufunguka.

Ng'ombe wa mdogo wangu wa kike walifika wakati wa kiangazi. Baba mdogo alijitokeza wa kwanza, ameshanyosha mkono. "Lete kamba, huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni njaa yako, baba mdogo," mdogo wangu alisema, na wageni wakacheka. "Kaka, pokea."

Nilipokea. Vidole vikajifunga, kama nilivyoogopa. Fahali mwekundu akavuta, nami nikamfuata, mkono hauachi, mpaka uani kwa jirani. Pale mzee mwenyewe alinifungua vidole, kimoja kimoja, akamfunga fahali wake.

Mdogo wangu aliolewa. Ng'ombe waliobaki ni wa mdogo wetu wa kiume. Mkono bado unafumba alfajiri, ingawa siku nyingine unachelewa.

Niliporudi kutoka kwa jirani siku ile, nilipita kaburini. Niliinama nikaitupa ile konzi ya udongo ambayo sikuitupa siku ya maziko. Lakini kaburi nililijengea mwenyewe miaka iliyopita, kwa matofali yangu, nikalipiga saruji juu na pembeni. Udongo ulikaa juu ya saruji. Upepo ukaanza kuuchukua.

Deni la jirani limekwisha. Hili la mama sijui nalilipia wapi.