Basi la Ghati Labaki Mlimani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi linaacha barabara kuu, linakata kona kulia na kuanza kupandisha. Ghati Wambura ameshika usukani kwa mikono miwili. Juu, mbele ya majengo ya ghorofa ya upande wa magharibi wa Alexandria, Virginia, abiria wake wamesimama kituoni, mikono mifukoni.

"Shikamoo, mama," abiria wa kwanza anamsalimu Ghati.

"Marahaba. Jana sikukuona."

"Nilikuwa off."

"Off au walikufukuza?"

Abiria wanacheka. Mlango unafungwa, basi linaondoka.

Ni watu wa zamu hawa: wauguzi, walezi wa wazee, wasafishaji wa hoteli, wahudumu wa maegesho. Wengi wanatoka Tanzania, Kenya na Kongo. Basi halilipishi, na wengi wao hawana gari. Mwaka jana nusura walikose.

Ghati ni mzaliwa wa Tarime, mkoani Mara. Ana umri wa miaka 58, na karibu ishirini kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani. Katika kazi yao, dereva mkongwe ndiye anayetangulia kuchagua njia. Wakongwe wenzake hukimbilia njia tambarare za karibu na mto. Yeye huchukua mlima.

"Wananiuliza kama nimerogwa," anasema. "Nawaambia huku nasalimiwa. Kule chini mtu anapanda na masikio yamezibwa na muziki, anashuka hajui kama basi lilikuwa na dereva."

Shida ilianza wapangaji wa idara ya usafiri ya mji walipotoa ramani mpya. Basi lingenyooka na barabara kuu na kupita mara nyingi zaidi. Mlimani lisingepanda tena.

"Si watu wabaya," anasema Ghati. "Basi lililonyooka linawahi na linabeba wengi. Hilo naelewa. Lakini mlezi ametoka zamu, amesimama siku nzima, theluji iko chini, halafu unamshusha barabarani apande kwa miguu?"

Wamaitha, mama wa Kikenya kutoka Nyeri anayelea wazee, alikuwa ameshapiga hesabu yake. "Hiyo mlima na barafu? Ningeanguka hadi wanizoee. Na Uba, hiyo teksi ya simu, ingenikula zaidi ya mshahara wa saa moja, kwenda tu. Kurudi ni ingine."

Ghati alimpigia simu binamu yake Cosmas, anayeendesha basi Leeds, Uingereza. Cosmas hakumbembeleza. Mtaani kwake, alimwambia, kampuni ya basi iliona njia hailipi, ikabandika tangazo kituoni, habari ikaisha hapo. "Nyie angalau mnaulizwa," alisema. "Mkiulizwa mkanyamaza, msije kunililia mimi."

Msimamizi wa Ghati alimpa ruhusa ya kuhudhuria kikao cha wananchi mbele ya bodi ya usafiri, kwa sharti kwamba aende bila sare na asiseme kwa niaba ya idara. Akavaa kitenge, akaenda.

Watu wa mlimani walijaza ukumbi siku hiyo. Jana yake walikuwa wamekaa na kupanga mambo kama yanavyopangwa nyumbani: wakachagua mzee mmoja awasemee wote. Alikuwa Respicius, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, ambaye sasa anahudumia maegesho ya hoteli. Kwa kuwa mzee ndiye angesema, hakuna mwingine aliyejiandikisha kusema. Ingekuwa utovu wa adabu.

Kila msemaji hupewa dakika tatu. Respicius alimsalimu mwenyekiti wa bodi, Bi. Cheryl, kisha wajumbe mmoja mmoja. Akaushukuru mji kwa kuwapokea. Akafikisha salamu za waliokuwa kazini. Alipofika kwenye "Sasa, waheshimiwa, kuhusu suala la basi," kengele ikalia na kipaza sauti kikazimwa.

Kwa hesabu ya bodi, mlima ulikuwa na msemaji mmoja, tena alikuja kushukuru.

"Tulikaa pale kama wageni wa harusi," anasema Wamaitha. "Mimi nilikuwa nangoja keki."

Kilibaki kikao kimoja kabla ya kura. Ilibidi mtu amwambie mzee, na hakuna aliyetaka. Jumapili, baada ya ibada, Ghati alimfuata jikoni mwa kanisa, akamkuta na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba usituongelee tena."

"Wewe Mkurya hujui kubisha hodi. Unavunja mlango."

"Na wewe Mhaya ukipewa kipaza sauti huachi. Tumeshaona."

Mzee alicheka, akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo nikae tu, nitazame watoto wakisema?"

"Hapana. Kila mtu aseme lake. Na wewe useme lako. La goti."

Respicius aligeuka kutazama kama kuna aliyesikia. Goti lake lilikuwa siri ambayo Ghati peke yake aliijua, kwa sababu kila asubuhi hulishusha basi upande wa mlango ili mzee apande bila kuinua mguu sana. Mbele za watu hutembea wima.

Kwenye kikao cha mwisho walijiandikisha wote. Wamaitha alisema. Dada wa Kikongo alisema kwa Kifaransa, binti yake akatafsiri. Respicius alipoitwa, watu wote wa mlimani walibana pumzi.

"Naitwa Respicius," alisema. "Goti langu la kulia limeharibika. Mkiliondoa basi, naacha kazi." Akarudi kukaa. Muda mwingi ulikuwa umebaki.

Ghati, aliyekaa nyuma kabisa, anasema hajawahi kujivunia mtu kiasi kile. "Yule amefundisha wanaume. Kusimama mbele ya akina mama waliomwita mzee, aseme mguu wake umekufa, si jambo dogo."

Bodi iliamua kwa tofauti ya kura moja: basi libaki mlimani asubuhi na jioni. Safari za mchana zilifutwa.

Hizo ndizo Ghati anazozitaka sasa. Anastaafu mwakani, na ana mpango wa kuomba kiti kwenye kamati ya abiria inayosoma ramani kabla hazijafika kwenye bodi. Mfanyakazi wa idara haruhusiwi kuingia, na mjumbe lazima awe mkazi wa mji.

Hapo ndipo alipogongana na mumewe, Tito, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisubiri wastaafu wahamie Manassas, mji mwingine nje ya Alexandria, kwenye nyumba yenye eneo la bustani.

"Nimemwambia hatuhami," anasema Ghati. "Mchicha unaota hata kwenye ndoo."