Namba 10,007 ilivyoniumbua kwenye matofali ya kanisa, Baraka

Wakuu, heshima kwenu. Niko mji wa Baraka, Fizi, huku Kongo, nafundisha hesabu sekondari. Haya yamenikuta mwenyewe, na sijatia chumvi maana sehemu kubwa inaniaibisha.

Kanisa letu lilichoma matofali. Siku ya kuyahamisha kutoka tanurini hadi kiwanjani tukaitana kwa salongo, yaani kazi ya wote isiyo na malipo. Tukahesabu mafungu mia ya matofali mia mia, na saba juu. 10,007.

Salongo hugawanywa sawa kwa vikundi. Tatizo ni baki. Mara iliyopita baki yote walitwishwa wakimbizi wa Burundi wanaosali nasi, ikawauma sana.

Mama Espérance, kiongozi wao, akaniambia mapema: "Prof, kama ile inabakia inakuya kwetu tena, siye tunarudia ku nyumba. Hatutasali tena hapa."

Nami kwa kiherehere nikawatangazia watu: nitapanga idadi ya vikundi isiyoacha hata tofali moja. Namba kubwa hivi ikose kigawo?

Nikakaa na kalamu. Kwa mbili, hapana. Tatu, hapana. Saba, zinabaki nne. Kumi na tatu, zinabaki kumi.

Wajuzi mtanielewa: inatosha kujaribu namba tasa ishirini na tano zilizo chini ya mia, maana 101 mara 101 tayari inapita 10,007. Nilipofika 97 zikabaki kumi na sita. Nikajua nimekwisha. 10,007 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Watu wako juani wananitazama.

Shemasi mmoja akasema: "Tupa moja."

Nikajaribu. 10,006 ni mara mbili ya 5,003, na 5,003 nayo ni tasa. Yaani vikundi viwili tu. Kila mtu aliona vingekuwa vipi: wenyeji huku, Warundi kule. Mchungaji akakataa.

Kumbe dawa ilikuwa upande wa pili. 10,008 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9, hata 12. Vikundi kumi na viwili, matofali 834 kila kimoja. (10,009 nayo ni tasa, lakini hilo ni la kujifurahisha sisi wa hesabu.)

Nikasema: "Inakosa moja tu."

Tanuri lilikuwa tupu. Mama Espérance akaondoka, akarudi na tofali moja jeusi kwa moshi. Nikapiga makofi kabisa. Kufika adhuhuri kazi imekwisha, na hakuna aliyenuna.

Kesho yake nikapita kwake. Sufuria imeinamia upande, juu ya matofali mawili na jiwe. Alikuwa ameng'oa figa la jikoni kwake.

Niliona haya. Nikampelekea tofali jingine, akalikataa.

"Acha tu, Prof. Mara hii hakuna mutu alibeba ya mwenzake."

Funzo: kabla ya kuahidi mgao, ijaribu namba kwanza. Na ukisema "moja tu", angalia nani anainuka kwenda kuitafuta.

Karibuni mseme, hata kunichana ruksa. Siku ile uani kwangu kulikuwa na matofali sita yamekaa bure, na sikuyakumbuka.