Kete Nyekundu na Kisanduku Kitupu

Nnaandika na hasira bado nnayo, na aibu juu yake. Kete nyekundu ya mchezo wetu wa ubao wa kila Ijumaa ilipotea. Kukusanya kete ni kazi yangu, lakini nilijua kwa yakini kaificha Bi Zuwena wa mtaa wa Darsait, mama wa mke wa mwanangu Khalfan, kwa kuwa Ijumaa ile nilimfunga mara tatu.

Nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji wa mchezo kuomba kete nyengine. Mtu gani mwenye akili zake anaandika herufi za kijivu juu ya weupe? Picha zinarukaruka kama ngoma ya arusi, na pa kuombea msaada hapaonekani. Mwisho nikaona kisanduku kitupu, nikajimwaga humo kama mjinga: kete kaificha nani, binti wa nani, na kwamba wachezaji wenzetu Salha na Rayya walikuwapo. Mimi jina la mtu silisahau. Nikabonyeza Tuma.

Kumbe pale ni pa maoni, husoma dunia nzima.

Ijumaa ya pili Bi Zuwena kaja kwangu Bawshar, kakaa, katoa simu mbele ya wote.

"Kuna bibi wa Bawshar kanitaja humu," akasema taratibu. "Lakini herufi zao hizi zinaniumiza macho. Hebu nipe kitambaa nifute miwani, niwasomee vizuri."

Nikampa kifuko changu cha miwani. Akavuta kitambaa, na kete nyekundu ikamdondokea mapajani.