Utani wa Placidi Ndani ya Jalada

Gaudiosa alivushwa mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake akiwa na miaka minne, vita ya Msumbiji ikiwa ndiyo kwanza inachacha. Alichokumbuka cha ng'ambo ile ni kuku mmoja mweupe, na hata huyo hakuwa na hakika naye. Mengine yote aliyapata kijijini Mpepai, upande wa Tanzania: kipaimara, ndoa, watoto watatu, kaburi la mume wake Florian, na shamba la mteremkoni alilolilima kwa ngoro kila mwaka. Wanaume walipanga majani yaliyofyekwa kwa miraba, yeye na wanawake wenzake wakayafukia kwa udongo mpaka mlima mzima ukajaa vishimo vya kuzuia maji. Uhodari wa mwanamke wa Kimatengo huonekana hapo, na ngoro za Gaudiosa mvua haikuwahi kuzibomoa.

Basi mwaka 1994, vita huko imekwisha, soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapishana barabarani, wakubwa nao wakakumbuka kuwauliza watu wao ni akina nani. Ikatangazwa kwamba wote waliotoka ng'ambo ama waombe uraia, ama wasubiri lori la kuwarudisha kwao. Kwao! Gaudiosa alilirudia neno hilo njia nzima akitoka mkutanoni. Watoto wake walikuwa Watanzania kwa baba yao, kwa hiyo wangebaki. Yeye ndiye angepanda lori akashushwe mahali asipojua hata kisima kilipo.

Akaomba. Alijaza fomu, akapiga picha tatu, zikapotea, akapiga nyingine. Aliulizwa cheti cha kuzaliwa, kana kwamba mama yake alipokuwa anakimbia risasi alipitia ofisini kwanza. Mwishowe ofisa akaja kijijini kusikiliza mashahidi, na utaratibu ukataka mmoja atoke ukweni. Ukweni alikuwa amebaki Placidi, mdogo wake Florian.

Placidi huyo alikuwa shemeji kweli kweli. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwambia Gaudiosa neno lisilo na mzaha ndani yake. Akimkuta shambani, atauliza kama watu wa Msumbiji wote huchimba kama fuko. Akikaribishwa ugali, atauliza kama umetiwa sumu. Gaudiosa naye alimrudishia, tena kwa nyongeza, maana ndivyo mashemeji wanavyoishi, na siku shemeji anapoacha kukutania ndipo unapoanza kujiuliza umemkosea nini.

Sasa, mbele ya ofisa, kijiji kizima kimekaa kwenye madawati ya shule, Placidi akaulizwa, "Unamfahamu huyu mama?"

"Huyu?" akasema Placidi. "Mrudisheni kwao leo leo tupumzike! Ametumalizia maharage."

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ofisa akacheka. Gaudiosa mwenyewe akacheka, akamtupia kandambili. Karani peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa anaandika.

Miezi mitatu baadaye barua ikafika. Maombi yamekataliwa, kwa kuwa shahidi wa upande wa mume ametaka mwombaji arudishwe kwao. Lori lingeondoka tarehe ishirini.

Gaudiosa alikwenda Mbinga mjini na barua yake, akapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Aliyemkuta mezani ni ofisa yule yule.

"Shikamoo, baba. Si ulikuwepo? Si ulicheka na wewe?"

"Marahaba. Nilicheka, mama. Hata kwetu utani upo. Lakini yameandikwa aliyosema, na mhuri umeshagongwa."

"Basi futa."

"Maneno ya shahidi hayafutwi. Aende mwenyewe mahakamani, aape kwamba alikuwa anatania."

Hasira zilimpanda Gaudiosa. Miaka ishirini na tisa katika nchi hii, halafu mtu mzima, anayejua fika kilichotokea, anataka mahakama imthibitishie kwamba kicheko kilikuwa kicheko! Alirudi Mpepai akampakulia Placidi yote yaliyokuwa moyoni, na safari hiyo hakuwa anatania. Kesho yake Placidi alivaa shati lake la kanisani, wakaomba lifti kwenye gari la kahawa.

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Hapa si kilabuni. Nataka ukweli mtupu. Huyu mama ni nani kwenu?"

Gaudiosa alimwona Placidi akitafuta mzaha na mzaha hauji, akaingiwa na hofu. Tarehe ishirini ilikuwa Jumatano ile inayofuata.

"Ni mke wa kaka yangu," alisema Placidi hatimaye. "Kaka aliugua miezi minane. Alikuwa na vidonda, ananuka, mimi nikashindwa kuingia chumbani. Nikawa napita njia ya juu, wasinione. Huyu ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani mpaka alipokata roho. Kama kuna mgeni katika ile nyumba, mheshimiwa, ni mimi."

Karani wa mahakama akaandika yote, na mhuri ukagongwa. Hakimu akaagiza kiapo kipelekwe kwenye jalada, na jina la Gaudiosa litolewe kwenye orodha ya lori mpaka maombi yake yasikilizwe upya.

Alitakiwa afurahi, na kweli alishukuru. Lakini walipofika barazani alimgeukia shemeji yake, machozi yakimtiririka, na mengi yalikuwa ya hasira.

"Mwaka wa tatu huu tangu tumzike," alisema. "Kila siku unakula kwangu, unacheka. Hayo umeshindwa kuniambia mimi, mpaka ukayaseme serikalini?"