Riwaya za Watoto Kitandani kwa Baba

Asubuhi aliyopata kiharusi, baba alikuwa ameketi barazani kwetu Kasingirima anakunywa chai. Alitaka kuniambia jambo kuhusu mvua, ulimi ukagoma. Nilidhani bado anatafuna mkate. Kikombe kilipomponyoka ndipo nilipomwita binti yangu, tukamshika huku na huku tusijue tumlaze au tumwinue.

Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yamemwisha. Aliyobaki nayo yalikuwa ya kuokoteza: hapana, maji, tena, mama. Hilo la mwisho halikunishangaza. Nilipewa jina la mama yake mzazi, bibi ambaye sikuwahi kumwona, na tangu nizaliwe baba hakuniita kwa neno jingine. "Mama, umekula?" "Mama, njoo unishikie hapa." Kila alipolitamka pale kitandani, niliitika.

Daktari alitupa kazi moja. "Mzee anasikia kila kitu," alisema. "Msemesheni. Msimnyamazie."

Kumsemesha mtu asiyejibu kuna mwisho wake. Nilimsimulia habari za duka langu la vitenge pale Mwanga, nani kaja, nani kaoa, kisha nikaishiwa. Nikajaribu magazeti, akageuzia uso ukutani. Hapo nikakumbuka sanduku la vitabu vyetu vya utotoni.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti. Alirudi nyumbani kutoka mwaloni, kule boti za dagaa zinakotia nanga, ananuka dizeli. Akishaoga na kuswali magharibi, alitusomea. Shule aliisoma kidogo tu, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na sisi watoto tulikitazama kile kidole chenye kucha nyeusi kana kwamba hadithi ilitoka humo.

Nilipovifungua tena vitabu vile nikiwa mtu mzima, kwanza nilishangaa vilivyo vyembamba. Niliyoikumbuka kama safari ndefu isiyokwisha ilikuwa kurasa chache zenye picha ya wino. Nikashangaa pia jinsi zile riwaya za zamani zilivyo kali. Mtoto ni mwema kupita kiasi au ni mtukutu wa kutumbukia shimoni. Mama wa kambo ni mbaya kuanzia ukurasa wa kwanza, hana hata siku moja ya kuchoka au kuumwa kichwa. Lakini Kiswahili chake! Mwandishi hana haraka. Mtoto akienda kuteka maji, nawe unakwenda naye, unasikia baridi ya umande miguuni. Nilijikuta nasoma kwa sauti ya baba ya zamani, ile ya polepole.

Binti yangu alinisikiliza siku kadhaa, kisha akaniletea vyake.

"Mama, babu atachoka na hao mayatima wako. Msomee na hivi."

Nilikuwa nimevidharau vitabu vya watoto vya siku hizi. Niliona vina picha nyingi na watoto wanaojibizana na wakubwa. Humo mna watoto wanaokaa ghorofani, simu imepotea, wanamsaka mwizi, wanamcheka mwalimu. Sentensi ni fupi, zinakimbia. Baba alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima, nami nikacheka. Nikagundua kitu ambacho hakimo katika vitabu vyangu: mtu mzima anakaa chini na kumuuliza mtoto anajisikiaje. Sikumbuki kama nilipokuwa mdogo nilikikosa. Nilipokisoma ukubwani, nilikikosa.

Siku moja nikarudia kitabu nilichokipenda kuliko vyote utotoni. Kinamhusu msichana ambaye mama yake alipanda mtumbwi kwenda kuuza chumvi, akapotea. Mtoto anamsubiri ufukweni jua na mvua, majirani wanamwambia akate tamaa, hasikii. Kurasa mbili za mwisho mama anashuka na furushi la nguo kichwani na viatu vipya vya mtoto mkononi. Udogoni nilikuwa naruka kwa furaha. Sasa niliona mwandishi kaikimbilia ile furaha bila kutuambia mama alikuwa wapi muda wote huo.

Nilipofika pale mama anaposhuka, baba akasema, "Hapana."

Nikadhani amechoka. Nikafunga kitabu. Kesho yake nikarudia pale pale, akasema tena, kwa nguvu safari hii, "Hapana. Mama. Hapana."

"Niko hapa, baba."

Akatikisa kichwa. Machozi yakamtiririka hadi sikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali na mkono wake haukuweza kuyafuta. Nikayafuta mimi. Nilijiuliza nimemkosea nini.

Wiki ile ile shangazi, dada yake mkubwa baba, alikuja kumtazama. Anaishi Simbo, ana shamba lake huko, na hakuja mikono mitupu: mihogo, maharage, chupa ya mawese. Tulikaa uani tunamenya mihogo nikamweleza yaliyotokea. Kisu chake kikasimama.

"Hakuwa anakuita wewe," alisema.

Kisha akanisimulia jambo ambalo halikuwahi kusemwa nyumbani kwetu. Asili yetu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Bibi alipata habari kwamba kaka yake amefariki huko, akapanda boti kwenda msibani. Baba alikuwa mdogo, ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka. Watu wazima walimwambia mama atarudi na boti ya Ijumaa. Boti ikaja, mama hayumo. Wakamwambia Ijumaa nyingine. Akawa anakwenda mwaloni kila jioni, boti iwepo isiwepo, mpaka akaacha kula. Hapo mjomba wao mwingine akapiga marufuku jina la bibi kutajwa ndani ya nyumba.

"Tukaacha kulitaja," shangazi alisema. "Ikawa kama hatukuwahi kuwa na mama."

"Alizama?"

"Wako waliosema boti ilizama. Wako waliosema aliolewa huko huko. Mimi nimeshachoka kuchagua." Akarudia kumenya. "Ulipozaliwa akakupa wewe jina lake. Nadhani alitaka awe na mtu wa kumwita mama."

Nilikumbuka kwamba kitabu kile baba hakuwahi kutumalizia. Alipofika karibu na mwisho alikiweka mapajani mwangu na kusema, "Hapa someni wenyewe," akatoka nje. Tulidhani anataka tujizoeze kusoma.

Nilimhadithia binti yangu, naye akaniletea riwaya moja mpya. Ndani yake mama anaondoka kwenda mji mwingine kutafuta maisha, na harudi. Mtoto analelewa na bibi yake. Siku moja anavunja sahani zote za nyumbani kwa hasira, na bibi, badala ya kumchapa, anamkumbatia katikati ya vigae. Jumatatu mtoto anakwenda shule. Basi, hadithi imekwisha. Nilikisoma kitabu hicho peke yangu dukani nikakasirika. Nilijiuliza ni nani anayempa mtoto mwisho kama huu.

"Hiki kizito kwa mgonjwa," nilimwambia binti yangu.

"Msomee tu, mama. Babu si mtoto."

Nikamsomea. Hakugeuza uso. Pale penye sahani, mkono wake wa kushoto ulikunja shuka. Nilipomaliza alinitazama akasema, "Tena."

Tukawa tunakisoma hicho, na ikifika Jumatatu ya yule mtoto, baba anasema tena, nami naanza upya. Alasiri moja nilikiweka pembeni.

"Baba, ulikuwa unamsubiri?"

Akanishika mkono kwa ule wa kushoto. "Mama," alisema.

Sikuitika. Nikamwambia, "Hakurudi, baba."

"Hapana," alisema taratibu, si kwa kunikatalia. Kisha akafumba macho, na hakuniachia mkono mpaka usingizi ulipomchukua.

Alifariki masika, baada ya alasiri. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati hata nikaacha kusoma kwa kuwa hatukusikilizana, nikabaki nimemshika tu. Tulimzika Ujiji siku iliyofuata, udongo ukiwa bado umelowa.

Shangazi alibaki nasi mpaka tukasoma arobaini. Siku moja kabla hajaondoka, tulikuwa uani anachagua maharage, akaniuliza kuhusu kile kitabu cha sahani ambacho kila mtu alikuwa anakitaja. Nikakileta, nikamsomea nusu yake. Akanisimamisha.

"Huyo mtoto hana dada?"

Nikafikiri. "Hana, shangazi."

"Aa," alisema, akaendelea kuchagua maharage.

Wakati wote ule nilikuwa nimemlilia mtoto mmoja tu. Nilikiweka kitabu chini nikamuuliza yeye alikuwa wapi jioni zile mdogo wake alipokuwa anakwenda mwaloni.

"Nilikuwa napika," shangazi alisema. "Angerudi na njaa."